Programu za Bure Nazo Zina Wenyewe: Mambo Yaliyowakuta Watengeneza Tovuti

Leo sina habari za mastaa wala matokeo ya mpira. Leo nataka tuongelee kitu ambacho sisi tunaoshinda kwenye intaneti kafe tukijifunza kutengeneza tovuti tunakitumia kila siku, ila wengi hatujawahi kujiuliza kinatoka wapi na nani anakitunza. Nazungumzia programu huria.

Kwa wale wageni, tuanze taratibu. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi. Msimbo ni yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini (wengine tunaita kodi, lakini siyo ile ya TRA, msiogope). Mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kumpa mwenzake, bila kumlipa mtu hata senti. PHP ni huria. WordPress ni huria. Linux, inayoendesha seva nyingi duniani, nayo ni huria.

Na siyo vitu vidogo hivi. PHP aliitoa hadharani jamaa anaitwa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, akiwa ameianza kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe tu. Leo, ukichukua tovuti ambazo lugha yake ya upande wa seva inajulikana, zaidi ya asilimia 70 zinatumia PHP. WordPress nayo iko kwenye zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Kwa hiyo ukifungua kurasa kumi leo, karibu nusu ni kazi ya watu ambao hujawahi kuwalipa.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Chuo sijakanyaga. Kila ninachojua kuhusu tovuti nimekipata kwa programu hizi za bure, nikilipia saa moja moja kafe na kubeba mafaili kwenye flashi. Kwa hiyo sijaja hapa kuziponda, zimenilisha.

Tatizo ni kwamba hili neno "bure" limetudanganya. Tunazichukulia kama maji ya mvua, kinga ndoo uondoke. Kumbe zina wenyewe, na wenyewe ni binadamu kama wewe na mimi. Binadamu anachoka. Binadamu anauza. Binadamu anagombana. Na akifanya lolote kati ya hayo, tovuti uliyomtengenezea mteja wako hapa mtaani inaweza kuguswa. Ngoja niwape mifano mitatu ya kweli, yote ya mwaka 2024, halafu tuone wenzetu wa PHP walivyojipanga, na mwisho sisi tufanye nini.

MWENYEWE AKICHOKA

Kuna programu ndogo inaitwa xz. Kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo. Huwezi kuiona, haina picha wala rangi, lakini imo kwenye Linux karibu zote, maana yake imo kwenye seva kibao zinazobeba tovuti.

Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na mtu mmoja tu wa kule Finland, Lasse Collin. Halipwi, anafanya kwa muda wake. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyojulikana wakaanza kumsonga: mbona unachelewa, mbona matoleo hayatoki, kwa nini usimpe mtu mwingine aendeshe? Yeye akawakumbusha kwamba ile ni kazi ya mapenzi tu, haina mshahara.

Wakati huohuo kulikuwa na msaidizi mzuri sana, mpole, anajiita Jia Tan. Alianza kuleta marekebisho tangu 2021. Kazi safi, haombi kitu. Taratibu akaaminiwa, mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Unajua kilichofuata? Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi likafuata 5.6.1, na ndani yake kulikuwa na mlango wa uani. Mtu mwenye ufunguo wake angeweza kuamuru seva ya mtu mwingine kwa kupitia SSH, ile njia ambayo wasimamizi wa seva wanaingilia wakiwa mbali. Fikiria seva za mabenki, hospitali, serikali.

Aliyeokoa jahazi ni programa mmoja wa Microsoft, Andres Freund, ambaye pia ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL. Alikuwa anapima mambo yake mengine kabisa, akaona kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde jamani! Hapa kafe ukurasa unachukua dakika nzima kufunguka na tunaendelea kupiga stori. Yeye akakataa, akachimba, akafika mpaka kwenye xz. Tarehe 29 Machi 2024 akatangaza hadharani. Bahati nzuri yale matoleo yalikuwa hayajaenea, yalikuwa zaidi kwenye Linux za majaribio. Jia Tan akapotea, hajaonekana tena.

Somo hapa siyo kwamba Collin alikuwa mzembe. Dunia nzima ilipanda kwenye mgongo wa mtu mmoja, na hakuna aliyemuuliza kama amekula. Mtu aliyechoka akitokea mtu wa kumsaidia mzigo, ataukataa vipi?

MWENYEWE AKIUZA

Hii ya pili inatuhusu sisi wa tovuti moja kwa moja, someni kwa makini.

Zamani vivinjari vilikuwa havifanani. Kitu kinafanya kazi kwenye kipya, kwenye cha zamani hakifanyi. Andrew Betts, alipokuwa gazeti la Financial Times la Uingereza, akaanzisha mradi huria wa kuziba hayo mapengo. Unaweka mstari mmoja tu kwenye ukurasa wako, na mstari huo unaita skripti kutoka polyfill.io. Mgeni akija na kivinjari cha zamani, skripti inamjazia kinachokosekana. Raha tupu. Mstari huo ukanakiliwa kwenye templeti, na templeti zikanakiliwa na sisi.

Februari 2024 jina la polyfill.io pamoja na akaunti ya mradi vikanunuliwa na kampuni inayoitwa Funnull. Betts, ambaye jina hilo la tovuti hakuwahi kulimiliki, akawaambia watu waziwazi: toeni huo mstari sasa hivi, hata hamuuhitaji tena. Wachache walisikia. Wengi hata hawakujua kama wanao.

Tarehe 25 Juni 2024 kampuni ya usalama ya Sansec ikatoa taarifa: skripti ile sasa inabeba uchafu, na tovuti zaidi ya 100,000 zinaiita. Wageni wanaotumia simu walikuwa wanahamishwa kwenda kwenye tovuti ya kubeti, kwa kupitia jina la uongo lililofananishwa na la Google. Na ujanja wake ndo ulikuwa noma. Ilichagua aina fulani za simu. Ilichagua saa. Na ikihisi anayetazama ni msimamizi wa tovuti, inatulia tuli kama haipo.

Hebu chukulia umemtengenezea tovuti mama mmoja anayepika kwenye maharusi. Anakupigia: "Mwanangu, mbona wateja wangu wanasema wakifungua tovuti yangu wanapelekwa kwenye mambo ya kubeti?" Wewe unakimbilia kafe, unafungua kwenye kompyuta, kila kitu safi. Unamjibu, "Mama, hapo tatizo ni simu zao." Kesho yake tena wanalalamika. Hapo mama anakuona tapeli, na wewe unamuona mama haelewi kompyuta. Kumbe wote mnasema kweli! Uchafu unamwonekania mteja, wewe unakukwepa.

Siku chache baada ya taarifa ile, Namecheap, waliosajili jina la polyfill.io, walilizima. Cloudflare nao wakaanza kuubadilisha mstari huo wenyewe kwenye tovuti zinazopita kwao, uelekee kwenye nakala salama. Mei 2025 serikali ya Marekani ikaiwekea Funnull vikwazo, ikisema inatoa miundombinu kwa tovuti za utapeli wa uwekezaji.

Angalia hapa hakuna aliyevunja mlango. Mlango ulikuwa wazi, tuliufungua wenyewe kwa mstari mmoja, tukauacha hivyo. Aliyekuja akanunua nyumba ya jirani tuliyokuwa tumeiamini.

WENYEWE WAKIGOMBANA

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Septemba 2024 nyasi zilikuwa watumiaji wa WordPress.

Tembo wa kwanza ni Matt Mullenweg. Yeye na Mike Little ndio walioianzisha WordPress mwaka 2003, na Mullenweg ndiye bosi wa kampuni ya Automattic. Tembo wa pili ni WP Engine, kampuni kubwa inayouza huduma ya kuhifadhi tovuti za WordPress. Mullenweg alisema hawa jamaa wanatengeneza hela nyingi kutokana na WordPress lakini wanarudisha kidogo sana, tena wanatumia jina lake la biashara. Akataka asilimia 8 ya mapato yao, iwe kwa fedha au kwa nguvu kazi. WP Engine wakakataa.

Tarehe 25 Septemba akawafungia mlango wa WordPress.org, mahali ambapo tovuti zinachukua plagini na masasisho. Wateja wa WP Engine, watu ambao ugomvi hauwahusu kabisa, wakashindwa kusasisha tovuti zao kwa njia ya kawaida. Wakafunguliwa kwa siku chache, Oktoba mosi wakafungiwa tena. Tarehe 2 Oktoba WP Engine wakaenda mahakamani California.

Tarehe 12 Oktoba likatokea lingine. WP Engine walikuwa na plagini maarufu, Advanced Custom Fields, inayotumika kwenye tovuti zaidi ya milioni 2. Upande wa WordPress.org wakauchukua ukurasa wake, wakaibadilisha jina ikawa Secure Custom Fields. Sasa hapa pana mambo mawili, tusiyachanganye. Kunakili msimbo huria na kuupa jina jipya inaruhusiwa, ndiyo maana ya uhuria wenyewe. Kilicholeta kelele ni kuchukua ukurasa uleule na watumiaji walewale. Mtu kalala anatumia plagini ya huyu, kaamka masasisho yanatoka kwa yule.

Tarehe 10 Desemba 2024 mahakama ikaamuru WP Engine wafunguliwe na ukurasa wa plagini urudishwe, wakati kesi yenyewe inaendelea.

Nani mkweli? Mimi naona hoja ya kwamba mwenye kuvuna sana arudishe ina mantiki. Lakini kuwafungia watu wasiohusika siyo njia. Na tumejifunza kitu: msimbo unaweza kuwa wa wote, lakini mlango wa kuuchukulia ukawa na funguo mkononi kwa mtu mmoja.

PHP WAO WALIFANYAJE?

Msikate tamaa, kuna waliojipanga. PHP nao yaliwakuta. Tarehe 28 Machi 2021 mtu aliingia kwenye seva yao ya kutunzia msimbo, akapachika mlango wa uani kwa kutumia majina ya wakubwa wenyewe, Rasmus Lerdorf na Nikita Popov, kana kwamba wao ndio walioandika. Wenzao wanaopitia kila badiliko wakaliona ndani ya saa chache, kabla halijatoka kwenda kwa watu. Wakaona kutunza seva yao wenyewe ni kujitafutia balaa, wakahamia GitHub.

Novemba mwaka huohuo likaja jambo zito zaidi. Huyu Nikita Popov, ambaye alianza kuchangia PHP mwaka 2011 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari (mnasikia vijana?), akasema anapunguza kazi ya PHP na kuhamia mradi mwingine. Watu wakaanza kuhesabu: wangapi wamebaki wanaoijua PHP mpaka uvunguni? Jibu likawatisha, walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Badala ya kulaumiana, tarehe 22 Novemba 2021 ikatangazwa PHP Foundation, taasisi ya kuchangisha fedha na kuwalipa maprograma wafanye kazi ya PHP kama ajira. JetBrains, Automattic, Laravel na wengine wakaingia. JetBrains peke yao wakaahidi dola 100,000 kwa mwaka. Mtu binafsi naye anaruhusiwa kuchangia alichonacho.

Matokeo yanaonekana. PHP 8.4 ilitoka Novemba 2024, 8.5 ikatoka Novemba 2025, kama kawaida kila mwaka. Na kila toleo sasa linatunzwa miaka minne: miwili ya marekebisho yote na miwili ya usalama tu. Wewe unayejifunza PHP leo hapa kafe, kuna mtu mahali fulani analipwa mshahara ili usiachwe njiani.

MIMI MWENYEWE NILIJIKAGUA, NIKAONA AIBU

Baada ya kusoma habari zote hizi nikafungua mafaili ya tovuti mbili nilizowatengenezea watu. Moja ilikuwa sawa. Nyingine ilikuwa na mistari tisa inayoita skripti na fonti kutoka seva za watu wengine. Mistari mitatu kati ya hiyo sikujua hata inafanya kazi gani! Ilikuja na templeti niliyoipakua zamani, mimi nikabadilisha picha na namba ya simu, nikakabidhi, nikalipwa. Na kila mwezi nilikuwa napokea hela kidogo ya "matengenezo" bila kutengeneza chochote.

Hakuna kibaya kilichotokea, nashukuru. Lakini mteja ameweka jina la biashara yake mikononi mwangu, na mimi nimeliweka mikononi mwa watu nisiowajua. Nilitoa ile mitatu, tovuti ikaendelea kufanya kazi vilevile. Sita zilizobaki nikashusha mafaili yake na kuyaweka kwenye seva ya mteja mwenyewe. Kazi ya saa mbili za kafe tu.

LA KUFANYA, HATA KAMA HUNA KOMPYUTA YAKO

Moja: fungua mafaili ya tovuti yako, tafuta neno "polyfill.io". Ukilikuta, futa mstari huo leo. Halafu tafuta kila palipoandikwa "script src" ikifuatiwa na anwani isiyo ya tovuti yako. Kila mmoja ujiulize: huyu ni nani, na namhitaji wa nini?

Mbili: unachoweza kukiweka kwenye seva yako mwenyewe, kiweke. Hutaguswa jirani akiuza nyumba.

Tatu: angalia toleo la PHP la seva yako. PHP 7.4 iliachwa tangu Novemba 2022, haipati tena dawa ya usalama. Kama bado uko huko, ongea na wanaokuhifadhia tovuti wakupandishe, lakini chukua nakala kwanza.

Nne: achana na templeti na plagini za kulipia zilizovunjwa zinazogawiwa bure vichochoroni. Aliyeivunja hakufanya hivyo kwa kukupenda wewe.

Tano: weka nakala ya tovuti sehemu mbili tofauti. Flashi peke yake haitoshi, flashi zinapotea na zina virusi.

Sita: washa ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti zako, na ukimaliza kafe toka kabisa kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vya JavaScript alitapeliwa kwa barua pepe ya uongo, na vifurushi 18 vinavyopakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki vikawekwa uchafu kwa muda. Kama mzoefu anatapeliwa, mimi na wewe je?

Saba: rudisha kidogo. Siyo lazima hela. Ukiona kosa, liripoti vizuri. WordPress inatafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea, unaweza kuongeza maneno yako. Na hii siyo ngeni kwetu, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Na ukikuta mtu anatunza kitu unachokitumia, mwandikie hata "asante". Yule wa Finland alizoea kuandikiwa lawama.

Nikipata muda wiki ijayo nitaandika jinsi ya kupandisha PHP bila kuvunja tovuti, hatua kwa hatua. Wewe umejikagua umekuta mistari mingapi? Usione aibu, mimi nimeshataja tisa zangu. Tupia maoni hapo chini, na kama nimekosea mahali nirekebisheni kistaarabu, matusi hapana.

Tuko pamoja wadau.